Vipimo Vilivyopoteza Majina

Ukimwamkia akiwa njiani, alikujibu kwa namba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mia mbili na kumi na nne."

Kisha akaendelea zake, mikono nyuma, macho chini. Mgeni angedhani amechanganyikiwa. Sisi wa mtaa wa Mfaranyaki, hapa Songea, tulijua kwamba anahesabu hatua, na kwamba akiitamka namba kwa sauti ndipo haimponyoki. Siku moja nilimwona ikimponyoka. Alikuwa anatoka msikitini kuelekea sokoni, mama mmoja akamsimamisha kumweleza habari za mjukuu aliyevunjika mkono. Alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akauliza ni mkono upi. Halafu akageuka, akarudi mpaka mlangoni mwa msikiti, akaanza upya.

Jina analo, na watu wa umri wake walilitumia. Sisi wengine wote tulimwita Mpimaji. Alikuwa mpima ardhi miaka yote ya utumishi wake, na alipostaafu watu hawakuacha kumgongea mlango, basi naye hakuacha kupima. Viwanja vingi vya mtaa wetu vina pembe alizozipanda yeye. Hata ukuta wa duka langu umesimama pale alipoonyesha kwa kidole.

Duka lenyewe ni la steshenari: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, na nyuma ya pazia meza ya kutengenezea kompyuta. Fundi ni mimi. Wateja wengi wakiingia na kumkuta mwanamke amekaa peke yake huuliza, "Fundi katoka?" Mpimaji hakuuliza. Siku ya kwanza alitazama bisibisi mkononi mwangu, akasema, "Fundi, habari za kazi," akavuta benchi, akakaa. Kwa hilo tu ningemfanyia chochote. Ndiyo maana naona ugumu kueleza nilichomfanyia.

Lakini ngoja kwanza nimweleze yeye.

Neno lililomkera kuliko matusi lilikuwa "karibu na". Ukimwambia mpaka uko karibu na mparachichi, alifunga daftari lake na kukutazama mpaka ujirekebishe. "Karibu na si mahali," alisema. "Ukiniambia unakaa karibu na msikiti, barua zako atapelekewa imamu." Nimewahi kumsikia akimwambia hivyo mwenyekiti wa mtaa, mbele za watu, na mwenyekiti akacheka kwa shida.

Akiwa kazini hakunywa maji ya mtu. Soda ndiyo kabisa. Alisema soda ya mtu ina uzito, na uzito ule unainamisha tepu. Alibeba korosho kutoka kwao Tunduru kwenye mfuko wa koti, za kukaanga, na wakati wa kupumzika aliwagawia pande zote mbili za mgogoro, mbilimbili, kwa kuzihesabu.

Kuna ndugu wawili waliogombea shamba la marehemu baba yao, hawakusemezana mwaka mzima. Mpimaji alifika, akampa kila mmoja ncha ya tepu. "Vuta," akamwambia mmoja. "Wewe muulize mwenzako anasoma ngapi." Mkubwa hakuona vizuri, mdogo ikabidi aende akamsomee, akamshika mkono kumwonyesha kistari. Kufikia adhuhuri walikuwa wanabishana kuhusu miwani. Watu wakasema Mpimaji ana hekima ya kupatanisha. Nilipomfikishia sifa hiyo alishangaa. "Tepu ya mita hamsini ukiishika peke yako inalala chini," alisema. "Mimi nilikuwa nahitaji watu wawili tu."

Sasa mtu huyo huyo alikuwa mwizi wa drafti. Alicheza kila Jumamosi kibarazani kwangu kwa vizibo vya soda, na ukigeuka kumhudumia mteja, kizibo chako kimoja kilikuwa hakipo. Hakuona haya. "Drafti haina mrithi," alisema. Na uzio wa nyumba yake ulipinda kama mgongo wa ng'ombe mzee. Jirani yake, bibi mmoja asiye na mtu, alikuwa amejenga banda la kuku ndani ya kiwanja cha Mpimaji, hatua moja na nusu nzima. Kila mtu aliliona. Nikamuuliza kwa nini hapimi kwake. Akasema, "Kuku wake wanataga vizuri pale," na hapo mazungumzo yakaisha.

Alikuwa pia na majivuno, nisimsifu tu. Hakupenda kuulizwa swali mara mbili. Alinidharau waziwazi siku nilipokosea kujumlisha nyuzi na dakika za pembe. Na alijivunia unadhifu wa kazi zake kiasi kwamba ramani zake zote zilifanana: mwandiko ule ule, mistari ile ile, hata namba ya kuanzia ile ile. Jiwe la kwanza la mpaka katika kila kazi alilipa namba elfu moja kwa elfu moja, na pembe nyingine zote akazihesabu kutoka hapo. Iwe ni kiwanja cha mjini au shamba la Matogoro, lilianza elfu moja kwa elfu moja. "Mtu akifungua kazi yangu," alisema, "ajikute nyumbani."

Alipokuja dukani kwangu mara ya kwanza shida yake ilikuwa hii. Alikuwa na programu ya kuchorea ramani, ya zamani sana, aliyoizoea tangu akiwa mtumishi. Kompyuta aliyokuwa nayo ilikuwa inakufa, na programu ile haikukubali kukaa kwenye kompyuta za siku hizi. Nikamwambia hilo ni dogo. Nikamtafutia kompyuta nzuri iliyotumika, na ndani yake nikatengeneza kompyuta nyingine. Ndivyo tunavyofanya mafundi. Unafungua kompyuta mpya, unabofya, linatokea dirisha, na ndani ya dirisha ile ya zamani inawaka na mlio wake wa zamani, ikiamini iko peke yake duniani. Tunaiita mashine pepe. Diski yake yote, na kila kilichomo, kwa kompyuta kubwa iliyoibeba ni faili moja tu nene, kama sanduku.

Mpimaji aliitazama ikiwaka, akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao. Kisha akauliza, "Na hilo sanduku likianguka?"

"Haliwezi kuanguka, Mzee. Halina uzito."

Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini aliniamini.

Alikuwa na madaftari ya vipimo, kreti mbili za mbao, kazi zake zote za binafsi tangu astaafu na nyingine za kabla. Paa la chumba chake lilivuja na mchwa walikuwa wameanza kupanda. Akaamua kuyaingiza yote kwenye kompyuta. Aliyaandika mwenyewe kwa vidole viwili, kila siku baada ya sala ya alfajiri mpaka saa nne, na ilimchukua misimu miwili ya mvua. Alipomaliza alinialika nije nione. Alinifungulia folda, mafaili yamepangwa kwa mtaa na kwa mwenye eneo, mstari kwa mstari.

Akaniuliza, "Haya madaftari sasa?"

Nakumbuka nilivyokuwa nimesimama, begi begani, nina haraka. "Hayana kazi tena, Mzee. Yanakuletea mchwa tu."

Aliyachoma nyuma ya nyumba. Mkewe alinisimulia baadaye kwamba alichoma moja moja, na kila moja alilifungua kwanza. Siku hiyo hiyo nilimwahidi kumletea diski ya pembeni tutie nakala. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuja, na nyingine, na kila nilipomwona barabarani nilisema, "Mzee, sijasahau."

Radi ilipiga saa tano asubuhi, katikati ya msimu wa kifuku, mvua ikiwa imefunga pande zote. Mtaa mzima umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena kwa kishindo. Haikupita saa moja bodaboda ikasimama mbele ya duka. Mpimaji alishuka akiwa ameloa mpaka miguuni. Koti lake la mvua hakulivaa. Alikuwa ameifunika nalo sipiyu ya kompyuta, ameikumbatia.

"Imekataa," alisema.

Niliiunganisha. Kompyuta kubwa iliwaka bila shida, nikamgeukia nikamwambia, unaona. Nikabofya mashine pepe. Dirisha likatokea jeusi, na maandishi meupe: diski ina hitilafu, je, ikaguliwe? Bonyeza kukubali.

Kila fundi anajua sheria ya hapo, na mimi nimewafundisha wengine. Kabla ya kugusa chochote, toa nakala ya lile sanduku. Ukiharibu, umeharibu nakala. Lakini diski yangu ya akiba ilikuwa imejaa picha za harusi ya mteja, na kuzipunguza kungechukua muda. Wateja watatu walikuwa wamesimama wanasubiri fotokopi. Umeme ungeweza kukatika tena. Na juu ya yote hayo nilitaka Mpimaji aone kwamba ni jambo dogo. Nikabonyeza kukubali.

Nijaribu kueleza kilichotokea. Ndani ya diski kuna kitu kama orodha, kinachosema faili fulani linaitwa hivi na vipande vyake viko huku na huku. Mtambo ukizimika ghafla wakati orodha inaandikwa, orodha inachanika. Vipande bado vipo, lakini havijulikani ni vya nani. Kuna njia za kuirudisha orodha, taratibu, ukiwa na nakala ya kujaribia. Ule ukaguzi nilioukubali hautafuti taratibu. Unapita ukifuta kila kitu ambacho wenyewe haukielewi, na vipande vilivyobaki yatima unavitupa kwenye folda moja na kuvipa namba.

Mistari ilianza kupanda kwenye kioo. Mpimaji alikuwa amekaa kando yangu, maji yakimdondoka kwenye sakafu, anasoma.

"Inafuta," alisema. Kisha, "Inafuta nini?"

"Makosa, Mzee."

Mistari ikaendelea. Nilitamani kuzima, nikajua kuzima katikati ni kubaya zaidi. Nikaweka mikono mapajani. Ilichukua mpaka adhana ya alasiri, naye hakuondoka, hata kuomba taulo hakuomba.

Ile kompyuta ya zamani iliwaka hatimaye, na mlio wake. Folda yake ya kazi ilikuwa tupu. Pembeni palikuwa na folda mpya, na ndani yake mafaili mamia, kila moja limepewa namba badala ya jina. Nikafungua moja. Elfu moja kwa elfu moja, kisha pembe tatu nyingine. Nikafungua la pili. Elfu moja kwa elfu moja.

Hakunikemea. Alisema, "Vipimo vipo."

"Vipo, Mzee. Majina ndiyo hayapo."

Kwa wiki mbili alikuja dukani kila asubuhi kama mwajiriwa. Nilimfungulia mafaili, yeye akachora kila moja kwenye karatasi na kulitazama umbo lake. Maeneo yenye umbo la ajabu aliyajua mara moja. Moja lilikuwa na mkunjo kama kiwiko: "Hili la mwalimu wa Bombambili, mto ulitusumbua pale." Jingine lilikuwa na pembe saba: "Hili nililipima na homa." Tulicheka siku hiyo. Aliyatambua kumi na moja. Mengine yote yalikuwa ya pembe nne, mstatili safi, na mistatili haina sura. Alizigeuza karatasi, akazipanga mezani, akazirudisha.

Nililituma lile sanduku kwa rafiki yangu fundi wa Dar es Salaam, mtu ninayemwona mkubwa katika kazi hii. Alinipigia siku ya tatu. "Ulikagua kabla ya kutoa nakala?" Nikasema ndiyo. "Basi, dada," akasema, "pole sana."

Pengine mambo yangeishia hapo, hasara ya mzee na madaftari yake, kama si Mama Faraja.

Mama Faraja ni mjane wa Matogoro, analima mahindi na maharage kwenye eneo aliloachiwa na mumewe chini ya mlima. Miaka mingi nyuma mumewe na jirani yao walikubaliana kupima mpaka, wakamwita Mpimaji, wakapeana mikono. Sasa mume amekufa, jirani amekufa, na watoto wa jirani wameuza. Mnunuzi aliingia na nguzo mpya na waya, akasema mpaka uko huku, si kule. Ndani ya waya wake kikaingia kisima. Mume wa Mama Faraja alikichimba mwenyewe kwa mikono, na ndicho kilichowapa maji hata mwezi wa kumi, vijito vinapokauka. Ramani yake ya karatasi ilikuwa imeliwa na panya pamoja na cheti cha ndoa. Lakini hakuwa na wasiwasi. Alikuja Mfaranyaki akitabasamu.

"Mzee, wewe si ndiye uliyepima? Nitolee tu nyingine."

Alimkuta dukani kwangu, amezungukwa na mistatili.

Mpimaji alimweleza mwenyewe. Alisema kompyuta imeharibika na kwamba eneo lake lilikuwa la pembe nne. Mama Faraja aliangalia karatasi zile, akaniangalia mimi. "Humu haimo?" akaniuliza. Nikamwambia imo, ila hatujui ni ipi. Alirudia maneno hayo polepole, kama mtu anayejaribu viatu visivyo vyake. Imo, ila hamjui ni ipi.

Tulikwenda Matogoro watatu, mchana, mimi nimebeba jembe. Mpimaji alikuwa amefukia chuma kwenye kila pembe, hakuna shaka, ndivyo alivyofanya siku zote. Magoti yake yalikuwa mabaya na tulipanda tukisimamasimama. Alisimama kwenye eneo, akageukia mlima, akageukia barabara, akahesabu hatua. Akasema nichimbe. Nikachimba mpaka magotini, hakuna. Akahesabu tena kutoka upande mwingine, nikachimba, hakuna. Mahali pa tatu palikuwa na nguzo mpya ya mnunuzi, na saruji yake imeshakauka.

"Au kimeng'olewa, au si hapa," alisema.

"Ni hapa, Mzee," Mama Faraja akasema. "Si unaukumbuka ule mgomba? Pembe ilikuwa pale penye mgomba."

Mpimaji aliutazama mgomba. "Ilikuwa karibu na hapo," alisema.

Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe. Alikaa chini kwenye udongo tuliouchimba, akapangusa mikono yake muda mrefu, ingawa hakuwa ameshika jembe.

Baraza la ardhi la kata lilikaa wiki iliyofuata. Lilikuwa darasa lenye madirisha yasiyo na vioo, wazee wa baraza mezani, sisi kwenye madawati. Mnunuzi alikuja na mashahidi wawili. Mama Faraja alikuwa na Mpimaji tu. Watu walimwamkia alipoingia, hata mwenyekiti alinyanyuka kidogo. Nilijua, na kila aliyekuwemo alijua, kwamba akisema mpaka uko pale, utakuwa pale. Sidhani kama kuna mtu angemwomba karatasi.

Mwenyekiti akamuuliza, "Mzee wetu, ulipima wewe?"

"Nilipima mimi."

"Mpaka ulipita wapi? Kisima kilikuwa upande gani?"

Mama Faraja alikuwa ameinamia mbele, mikono imeshika ukingo wa dawati.

"Sina kipimo chake," Mpimaji alisema.

"Hatuulizi kipimo, Mzee. Unavyokumbuka tu. Unavyodhani."

"Nikidhani, nitakuwa nimempa mtu ardhi kwa kudhani."

Mama Faraja alisimama bila kuruhusiwa. "Baba," alimwita hivyo, hakumwita Mzee, "sema tu kisima kilikuwa cha kwetu. Wewe unajua kilikuwa cha kwetu."

"Najua mumeo alikichimba," alisema. "Sijui alichimba upande gani wa mstari. Mstari niliupima baadaye. Pengine ndiyo maana walitaka kupima, sikumbuki. Nisamehe, mwanangu."

Mwenyekiti akauliza kumbukumbu zake ziko wapi. Akajibu kwamba kompyuta iliharibika kwa radi. Nilikuwa dawati la nyuma. Alikuwa na nafasi ya kugeuka na kunionyeshea kidole, kama alivyopaonyesha mahali pa ukuta wangu. Hakugeuka. Nami nilikuwa na nafasi ya kusimama, nikasema ni mimi niliyesema madaftari yachomwe, na ni mimi niliyebonyeza. Nilijiambia haitabadilisha mpaka. Ni kweli, isingeubadilisha. Nilibaki nimekaa.

Baraza likaacha waya pale ulipo.

Wapo waliomlaumu sana. Walisema mtu aliyemwachia bibi wa kuku hatua moja na nusu ya kwake mwenyewe alishindwaje kumwachia mjane kisima. Jumamosi hakuja tena kwenye drafti. Nilipomwamkia njiani alijibu marahaba peke yake. Mwaka haujaisha, mkewe akafariki, na binti yake akaja kumchukua kwenda kuishi naye Tunduru.

Mimi nilipanda Matogoro mara mbili. Mara ya kwanza nilimpelekea Mama Faraja ndoo mbili mpya zenye mifuniko, jambo la kipumbavu ambalo naona haya kuliandika. Alizipokea, akanishukuru. Mara ya pili nilikuta kisima kimejengewa kifuniko cha bati na kufuli.

Mwaka huu shule moja ya Tunduru iliniita kufunga kompyuta. Nilimaliza siku moja kabla ya muda, nikaulizia nyumbani kwa binti yake, nikaelekezwa. Nilimkuta barazani mchana, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amepungua, kanzu imekuwa kubwa. Binti alikuwa anaanika korosho uani. Aliniletea chai na kuniwekea kigoda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Basi la saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Tukazungumza mambo ya njiani, lami, mvua. Aliuliza habari za bibi wa kuku, nikamwambia yu mzima. Nilikuwa nimeibeba habari yangu kutoka Songea, nimeipanga maneno yake kwenye basi, na sasa maneno yote yalikimbia. Nikaitoa hivyo hivyo.

"Mzee, siku ile ya radi. Haikuwa radi iliyopoteza majina. Radi iliharibu kidogo tu. Nilipaswa kutoa nakala kwanza. Sikutoa. Nilibonyeza, ule ukaguzi ndio uliofuta."

Alikuwa anakoroga chai. Aliendelea kukoroga.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nimekaa hapo. Mkono wako ulisita, kisha ukaenda. Mtu akishika tepu vibaya namwona kabla hajasoma."

"Mbona hukusema barazani?"

"Baraza liliniuliza mpaka." Akanywa kidogo. "Na mimi nilikuwa nimechoma madaftari. Mkono uliowasha kiberiti ulikuwa wangu."

Nilidhani ningejisikia mwepesi. Sikujisikia. Binti yake alipita na ungo, akauliza kama chai ina sukari ya kutosha, nikasema inatosha.

Kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu nifike, niliona kwa jinsi alivyoweka kikombe chini kwanza.

"Yule mama. Maji anachota wapi?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema wamechimba kingine, au mnunuzi ni mtu mwema anamruhusu. Nilimtazama usoni, nikashindwa.

"Mtoni, Mzee. Kisima kina kufuli. Nilikutana naye anapanda na ndoo kichwani."

"Ni mbali?"

"Ni mbali."

Alisubiri. Nikaelewa kwamba anasubiri namba, nami sikuwa nayo. Nilikuwa nimepita njia ile ile nyuma ya mama yule mpaka kwake na sikuhesabu.

"Sikupima, Mzee."

Alitikisa kichwa polepole. Adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa jirani. Alijiinua kwa kushika ukuta, akakataa mkono wangu, akaingia chumbani kuswali. Mlango aliuacha nusu wazi.

Nilikaa. Chai yangu ikapoa, nikainywa hivyo hivyo. Watu walitoka msikitini wakapita. Binti alimaliza kuanika, akanawa mikono, akachungulia chumbani, akarudi kukaa kwenye ngazi.

"Amemaliza kuswali zamani," alisema kwa sauti ya chini. "Amekaa tu pale kwenye mswala."

Saa kumi na nusu nilichukua begi langu. Nilisogea mlangoni lakini sikuingia. Niliona mgongo wake tu, na nyayo zake mbili zimegeukia juu.

"Mzee," nikasema, "naondoka."

Nikasubiri.

"Anakusikia," binti yake akaniambia. "Nenda tu, dada, basi litakuacha."